Kompyuta Isiyojijua

Apdeti sikuiomba. Naliweka hili mbele mapema kwa sababu nyumbani kwangu kuna watu ambao kila chenye waya kikiharibika husema, "Baba naye kwa kubonyezabonyeza!" Sikubonyeza. Apdeti ilijileta yenyewe, ikajipakua kwa bando langu la mwezi, gigabaiti kadhaa, bila hata hodi. Usiku nilipotaka kuzima kompyuta nikale, ikaniandikia kwa adabu sana kwamba nisubiri na nisizime. Asilimia nne. Wali ukapoa ikiwa asilimia nne. Mchuzi wa maharage ukaganda juu ikiwa asilimia nne. Nilipokwisha kula na kunawa ilikuwa imeruka hadi thelathini, nikaelewa kwamba ile nne ilikuwa ya kunikomesha mimi binafsi.

Wanaotunga mifumo hii, nina hakika, wanaishi mahali ambapo mtu akiambiwa "usizime" anao uwezo wa kutii. Mimi naishi Tabata. Kwetu anayezima si mimi. Na betri ya kompyuta yangu ilishastaafu, imebaki kwa ajili ya kujaza nafasi. Kwa hiyo nikakaa sebuleni naitazama taa ya darini na kuiombea kimoyomoyo. Umeme haukukatika. Nalisema hilo kwa uchungu, maana ungekatika ningepata wa kumlaumu mwenye ofisi hapa hapa mjini.

Mfumo wenyewe sitautaja jina kwa sababu Jumatatu bado nitauhitaji. Itoshe kusema unatoka Marekani, na kuna uwezekano mkubwa wewe msomaji unao.

Asubuhi kompyuta iliamka salama, ikiwa na mambo mapya ambayo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyeyaulizia. Kitufe cha kuanzia kilikuwa kimehamia katikati. Pembeni paliwekwa taarifa ya hali ya hewa, kunijulisha kwamba Dar es Salaam kuna joto. Kisha, chini kulia, kijiujumbe kikachomoza na kujificha kabla sijavaa miwani. Nikakingoja. Kikarudi: kuna kifaa hakijulikani.

Kifaa gani? Haikusema. Kiko upande gani? Haikusema. Kinadhuru? Kimya. Mimi kompyuta hii sijawahi kuifungua kifuniko. Sikupanga kilichomo, sikukichomea kwa risasi, sikuorodhesha. Aliyepaswa kujua ndani mna nini ni yenyewe, na yenyewe ndiyo inayoniuliza mimi, mtu ambaye hata betri ya rimoti hukisia upande wa kuingilia.

Nikaanza kuita mahudhurio. Mausi, ipo, inatembea. Kibodi ipo, pamoja na ile herufi P inayotaka kugandamizwa kwa nia. Spika nilizipima kwa taarabu kidogo, jirani akajibu kwa kugonga ukuta. Kamera ikanionyesha mzee mmoja aliyekosa usingizi. Wi-Fi ipo. Bluetooth ipo, ikanipa orodha ya simu za mtaa mzima, mojawapo mwenyewe ameipa jina "Usiniguse". Printa ikachapa ukurasa wa majaribio, na ikatumia wino wa rangi ingawa hakukuwa na sababu yoyote ya rangi. Flashi zote zikafunguka, hata ile iliyofungwa kwa uzi mwekundu. Kidude cha kusoma alama za vidole kikakikataa kidole changu, lakini hicho kimekikataa tangu tulipokutana, kwa hiyo nikakihesabu kizima.

Wote wapo! Hapo ndipo hasira iliponipanda kisawasawa. Kungekuwa na kilichokufa ningejua pa kuanzia. Spika ikifa unatafuta spika. Hapa nilikuwa na taarifa ya msiba, na wafiwa wote wako mbele yangu wanakula na kunywa.

Ndani ya mfumo kuna mahali panapoorodhesha kila kiungo cha mashine. Mafundi wanapaita divaisi meneja. Nilikwenda huko. Vifaa vimepangwa kwa koo zao, sauti na wenzake, picha na wenzake, na huko mwisho, chini ya kichwa cha "vifaa vingine", kimekaa kimoja peke yake, kimebandikwa pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao. Nikakibonyeza (sasa ndiyo, nilibonyeza). Kosa namba 28. Maana yake ni kwamba mfumo unaona kitu kimeunganishwa, kinaitikia kikiitwa, ila draiva yake haijawekwa, yaani ile programu ndogo inayouwezesha mfumo kukielewa na kukituma kazi.

Mambo haya huwa hivi. Apdeti kubwa si kiraka, ni mfumo mzima mpya unaowekwa juu ya ule wa zamani. Ukifika, unapitia draiva zilizokuwepo, unazobeba unabeba, na zile usizoziamini unaziacha njiani. Kwa hiyo hiki kinachoitwa hakijulikani kilikuwa kinajulikana vizuri kabisa jana yake. Kimesahauliwa kati ya asilimia nne na thelathini, mimi nikiwa jikoni natafuta chumvi.

Orodha ya makosa hayo ni ndefu, na nampendekezea yeyote anayesumbuliwa na usingizi. Namba 10, kifaa hakiwezi kuanza. Namba 22, kifaa kimezimwa. Namba 43, mfumo umekisimamisha kifaa kwa sababu chenyewe kimeripoti kwamba kina matatizo; yaani kilisema kweli, kikasimamishwa kazi. Ninayoipenda kuliko zote ni namba 45: kifaa hakijaunganishwa kwenye kompyuta kwa sasa. Basi. Kutokuwepo tu ni kosa, na lina namba. Kwa kipimo hicho mimi nina kosa namba 45 katika mikutano yote ya serikali ya mtaa.

Jioni nikalipeleka suala kijiweni, kwenye kahawa. Huwa sipeleki mambo ya kompyuta pale, kwa sababu pale hakuna asiyejua kitu, na ndilo tatizo.

"Bwana mwandishi," akaanza mwalimu mstaafu, na akiisha kuanza hivyo ujue kikombe kitaisha hajamaliza. "Hizi mashine zenu za mtumba zilikuwa za maofisi ya Ulaya. Wamewauzia na masikio yake."

Kuhusu mtumba alisema kweli. Kompyuta yangu ina stika ya namba ya mali ya ofisi ya watu, iliyobanduliwa nusu, na juu ya tarakimu 3 kuna alama ya pauni, kwa hiyo asili yake ni Uingereza, haina haja ya kujificha. Kuhusu masikio, nikamwuliza, Mwalimu, huyo Mwingereza anayekesha akinisikiliza anasikia nini? Atasikia nikibishana na mke wangu kuhusu nani aliacha feni inazunguka. Mwalimu akasema hivyo ndivyo wanavyoanza.

Kijana wa duka la vocha akasema ni kirusi. Dereva wa bajaji, ambaye nilikuwa namheshimu, akainama karibu: "Mzee, kama hakijulikani, basi hakilipiwi. Nyamaza, wa mapato wasisikie." Muuza kahawa hakusema kitu, akaniongezea kashata. Ushauri wake ndio pekee ulionifaa.

Nyumbani nako mke wangu aliendesha uchunguzi wake, mfupi kuliko wangu.

"Inaandika?"

"Inaandika."

"Inachapa?"

"Inachapa."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Kuna kitu ndani hakijulikani."

"Humu ndani ya nyumba kuna vitu vingapi hujui vilipo, na hatujakuwekea pembetatu?"

Hoja hiyo sijapata jibu lake mpaka leo. Lakini atakayekaa mbele ya pembetatu ya njano na kuendelea na kazi zake, huyo ana roho ambayo mimi sikupewa. Nilikuwa naandika aya moja, naenda kuichungulia. Aya nyingine, naichungulia. Ipo. Mshangao wake haupungui.

Ikabidi Kariakoo. Nina fundi wangu karibu na mtaa wa Aggrey, kijana mwenye meza ya futi mbili na bisibisi za kila umbo. Kazi yake ni nzuri, nampa haki yake. Ndiye aliyenitolea ile diski ya zamani iliyokuwa ikizunguka kwa kelele, akaniwekea SSD, na kompyuta iliyokuwa ikiwaka kwa muda wa chai nzima ikaanza kuwaka kabla sijakoroga sukari. Diski ya zamani akanikabidhi mkononi, kwa uaminifu. Sasa iko mezani kwangu inakandamiza risiti za umeme wa LUKU zisipeperuke. Ila fundi huyu ana dawa moja kwa magonjwa yote: kuufuta mfumo na kuuweka upya.

"Hiyo tunapiga windo, mzee wangu."

"Hujaiangalia."

"Nimeshaielewa. Tunapiga windo. Elfu ishirini. Kwa wewe, kumi na tano."

"Na vitu vyangu?"

"Vinakaa D, mzee. Usiwe na wasiwasi."

Ndugu msomaji, kila Mtanzania mwenye kompyuta ana jamaa ambaye vitu vyake viliwekwa D. Hawi tena mtu yule yule. Nikamshukuru, nikasema nitarudi, naye akaitikia "poa" huku ameshageukia simu ya mteja mwingine, maana anajua wanaosema watarudi.

Basi nikaingia mtandaoni mwenyewe. Huko nilikaribishwa na programu moja yenye furaha isiyo ya kawaida, iliyojitolea kuipima kompyuta yangu bure. Ikaipima kwa sekunde chache na mbwembwe za duara linalozunguka, ikagundua kwamba draiva zangu thelathini na kitu zimepitwa na wakati na niko hatarini. Spika zilizotoka kupiga taarabu ziko hatarini. Mausi iko hatarini. Je, ningependa kuziokoa? Ningependa. Basi niweke namba ya kadi ya benki, kwa dola, kwa mwaka. Kupima ni bure, kupona ndiko kwa kulipia. Na kile kifaa kisichojulikana, ambacho ndicho kilichonipeleka pale, hakikuwemo katika zile thelathini na kitu. Hata tapeli hakukijua! Niliifunga, nikaiondoa, na inaonekana ilikuwa imeleta ndugu zake wawili, nao nikawaondoa.

Tuliahidiwa nini lakini? Walio na umri wangu wanakumbuka mwaka 1995 ulipotoka ule mfumo uliotangazwa dunia nzima kwa ahadi kwamba tangu sasa ni kuchomeka tu, kitu kitajulikana chenyewe na kuanza kazi. Hata waliotoa ahadi hiyo iliwageuka. Aprili 20, 1998, kwenye maonyesho ya Comdex kule Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani akionyesha Windows 98 ambayo ilikuwa haijaanza kuuzwa. Msaidizi wake akachomeka skana, ili watu waone mfumo unavyoitambua. Skrini ikageuka bluu na kompyuta ikagoma mbele ya ukumbi mzima. Watu wakacheka, wakapiga makofi, na Gates mwenyewe akasema kwa utani kwamba huenda ndiyo sababu mfumo ulikuwa bado haujapelekwa sokoni. Kichekesho kizuri. Lakini yeye alichekwa mara moja akiwa tajiri kuliko wote duniani, na skana waliichomeka wenyewe. Mimi nipo Tabata, na hata sijachomeka kitu.

Jumamosi akaja kijana wa dada yangu, anasoma chuo, huja kwetu kula.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hebu njoo uangalie hapa kabla hujakaa."

Kijana hakuuliza mtu mahudhurio. Akakibonyeza kile kifaa kwa kitufe cha kulia, akafungua sifa zake, akaingia kwenye maelezo, akachagua namba za utambulisho. "Kila kifaa kina namba, mjomba. Hata kama mfumo haujui ni nini, namba unaisoma."

Hebu subiri kidogo hapo, kwa sababu mimi nilisimama. Yaani muda wote huo, wakati mimi napiga taarabu na kuchapa kurasa za rangi, kitambulisho kilikuwa mfukoni mwake? Kilikuwa. Kifaa cha USB hubeba namba mbili, moja ya kampuni iliyokitengeneza na moja ya kifaa chenyewe, na vingi vilivyounganishwa ndani kwenye bodi vina utaratibu wa namna hiyo hiyo. Kila namba ina nafasi nne tu, lakini zinatumika tarakimu pamoja na herufi A hadi F, kwa hiyo zinapatikana namba 65,536. Nyingine zina majivuno: Intel ilijichukulia 8086, jina la prosesa yake iliyotoka 1978, ili kompyuta ziendelee kuitaja. NVIDIA ni 10DE. Haya yamo kwenye orodha zilizo wazi, anayetaka anasoma. Mfumo unaisoma namba, unaibeba, haujui la kuifanyia, kisha unakuja kuniambia mimi kwamba kitu hakijulikani badala ya kunipa ile namba nikaulizie mwenyewe. Ningeiandika kwenye kiganja! Mpaka uifuate kwenye vyumba vitatu vya ndani ndipo uione.

Ya kwetu, ya namna nyingine, ilisomeka ACPI\SMO8800. Zile herufi za mwanzo, akasema kijana, ni za utaratibu uliowekwa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba ili mfumo na bodi ya kompyuta vielewane kuhusu umeme na vifaa vilivyomo. Zinazofuata ndizo za kifaa. Akainakili, akaibandika kwenye kisanduku cha kutafutia, akabonyeza. Jibu likaja kabla hajainua kidole.

Ulimwengu mzima ulikuwa unakijua. Watu wa Brazili walikijua, wa Ujerumani walikijua. Walikuwa wameulizana na kujibizana habari zake kwa miaka, kwa kompyuta za ukoo huu huu wa kwangu. Katika dunia hii palikuwa na wawili tu wasiojua SMO8800 ni nini: mimi, na kompyuta ambayo imekibeba tumboni tangu kiwandani.

"Ni kihisi cha kuanguka, mjomba."

"Nani kaanguka?"

Hakuna aliyeanguka. Ni kidubwasha kinachopima mwendo, na kazi yake ni kutambua kwamba kompyuta iko hewani inaelekea sakafuni. Nilikaribia kudhani ananitania. Lakini ukiisikiliza kazi yenyewe, ni ya heshima. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache, wakati unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Vikigusana wakati sahani inazunguka, kilichoandikwa hapo kimekwenda. Kompyuta ikiteleza kutoka mezani, sentimita 75 hivi, inafika chini kwa takriban sekunde 0.4. Katika muda huo, ambao haumtoshi mtu kusema "yalaa", kihisi kinatakiwa kitambue kwamba uzito umepotea, na vile vichwa viondolewe juu ya sahani na kuegeshwa pembeni. IBM ilianza kuweka kinga ya namna hiyo kwenye ThinkPad mwaka 2003, na Apple ikafuata 2005.

Kisha watu wakavipenda vihisi hivyo kwa mambo mengine. Mwaka 2008 kulikuwa na wanasayansi wa Stanford na wa Chuo Kikuu cha California kule Riverside waliojenga mtandao ulioitwa Quake-Catcher, wa kutumia vihisi vilivyomo kwenye kompyuta za watu wa kawaida kupimia matetemeko ya ardhi. Unafanya kazi zako, kompyuta imekaa mezani, ardhi ikitikisika inapeleka taarifa. Nikaitazama mashine yangu kwa jicho jipya. Nilikuwa nimeishi na mpima matetemeko bila kumpa hata salamu. Nikamwita mke wangu aje asikie. Nikamweleza sahani, nanomita, sekunde 0.4. Nilieleza vizuri, na hata mikono niliitumia.

Kijana alinisubiri nimalize. Wana adabu watoto wa dada yangu.

"Lakini mjomba, wewe si una SSD?"

SSD haina sahani. Haina kichwa, hakuna kinachozunguka wala cha kuegeshwa. Ni chipu tupu, na ikianguka inaanguka tu. Diski ambayo kihisi hiki kiliajiriwa kuilinda ilikuwa pale pale mezani, hatua moja kutoka kwake, imekalia risiti za LUKU. Yaani mlinzi wangu ameendelea kuripoti kazini kila usiku, na tochi yake na rungu lake, kwenye ghala ambalo mali yake ilishahamishwa na wenyewe wakasahau kumwambia. Na sasa mwajiri naye kasahau jina lake.

Mke wangu akatazama diski, akanitazama mimi, akarudi jikoni bila neno. Kucheka alichekea huko huko, nilimsikia.

Palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kukizima kifaa hicho pale pale kwenye divaisi meneja: pembetatu inaondoka, kinawekewa alama ya mshale unaotazama chini, na kosa linabadilika kuwa namba 22. Kijana aliipendekeza. Ni ya busara, haina gharama. Nikaikataa. Kwanza sitaki kosa lingine lenye namba. Pili, na wengine mtaniona mkaidi, kifaa hiki hakikukosea lolote. Hakikuharibika, hakikugoma, hakikumsahau mtu. Kilichokosea ni mfumo uliokuja usiku na kukitupia nje draiva yake, na mfumo huo hauna pembetatu popote. Kwa nini adhabu imwangukie mdogo?

Kwa hiyo tukaenda kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza kompyuta, tukaingiza ile namba ndefu iliyoko chini ya mashine. Kuisoma kulihitaji tochi ya simu, miwani yangu, na macho ya kijana, kwa sababu nane na B zilikuwa zimefanana kwa miaka mingi. Draiva ilikuwepo. Tena imewekwa na jina lake kamili, kinga dhidi ya kuanguka, megabaiti kadhaa, tarehe ya zamani. Bando lilikuwa limebaki chembe. Apdeti ndiyo iliyolila. Tukapakua kwa simu ya kijana, nami nikamwahidi kumrudishia vocha. Ikawekwa. Mfumo ukasema lazima uzimwe na kuwashwa, kwa sababu haujui kufanya kitu chochote bila kuzimwa na kuwashwa. Ukawaka.

Pembetatu haipo. "Vifaa vingine" haipo. Kihisi kimehamia kwenye ukoo wake, kimeandikwa jina refu lenye heshima, na mbele yake imeandikwa kwamba kifaa hiki kinafanya kazi ipasavyo.

"Umejuaje?" akauliza mke wangu, aliyekuwa amerudi na sahani za chakula.

"Kimeandikwa hapa."

"Walioandika ndio wale wale waliosema hawakijui?"

Ni wale wale. Kwa kweli namna pekee ya kuthibitisha kwamba kihisi cha kuanguka kinafanya kazi ni kuiangusha kompyuta. Nilipolisema hilo kwa sauti ndipo nilipomwona kijana amesimama, macho yanameta, mpwa wangu mpole anayekuja kwetu kula, ameshaingia chumbani kwetu na sasa anaburuta godoro kuelekea sebuleni.

"Kutoka usawa wa meza tu, mjomba. Inatosha sentimita hamsini."

"Na kikishindwa?"

"Hakuna hasara, kwani kinalinda nini?"

Mke wangu akaweka sahani chini, akasogeza kiti ili aone vizuri. Mimi kompyuta nilikuwa nimeshaikumbatia kwa mikono miwili. Nimewaambia wale kwanza, wali usipoe tena, na kijana akishiba alirudishe lile godoro na shuka alitandike yeye.